CV ya kurasa kumi na moja

CV yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tisa. Siongezi chumvi. Niliitengenezea steshenari moja ya Sinza, siku mbili baada ya bumu kuingia, na muundo alinipa dada aliyekuwa kwenye kompyuta. Alifungua CV ya mtu mwingine iliyobaki kwenye mashine, akafuta jina, akaniambia, "Haya kaka, taja vyako nikujazie."

Nikavitaja. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, mkoa, wilaya, jinsia, dini, kabila, hali ya ndoa, urefu. Kwenye urefu hata yeye alicheka, lakini nafasi ilikuwepo kwa hiyo tukaijaza. Shule ya msingi na mwaka niliopata cheti cha kumaliza darasa la saba. Ukiranja wa bustani. Semina ya ujasiriamali ya nusu siku, semina ya uongozi ya siku moja, semina ya uwekezaji ambayo kusema kweli nilikwenda kwa ajili ya chakula. "Ujuzi wa kompyuta: Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe." Mambo ninayopenda: kusoma vitabu, kusafiri, kubadilishana mawazo. Mimi huyo, ambaye safari zangu zote ni Mwanza kwenda Dar na Dar kurudi Mwanza.

Ilipotoka kwenye printa ikiwa bado ya moto niliishika mkononi nikaona ina uzito. Nikalipa, nikafungisha baindi na jalada la plastiki la bluu. Nikajiambia, sasa hii ni CV ya msomi.

Naandika makala hii kwa wenzangu wa mwaka wa mwisho, na kwa wale wa mwaka wa kwanza wanaodhani haiwahusu. Msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda asisumbuke: kwa mhitimu wa shahada ya kwanza, CV isizidi kurasa mbili. Vyeti vikae kwenye viambatisho vyake. Na zile kurasa mbili ziandikwe upya kwa kila kazi unayoomba. Sababu zangu sikuzitoa kwenye mafunzo yoyote. Nilizipata siku nilipokaa upande wa pili wa meza, na nilichokifanya siku zile bado kinanisumbua.

Wiki moja upande wa pili wa meza

Fildi yangu ya mwaka wa pili niliifanyia kwenye ofisi moja hapa mjini. Sitaitaja. Nilipelekwa idara ya fedha, lakini wiki ya tatu nikaazimwa na watu wa utumishi kwa sababu walikuwa wametangaza nafasi mbili za msaidizi wa hesabu na maombi yamewazidi. Mengine yalikuja kwa bahasha, mengine kwa barua pepe na yakachapwa. Yote yaliwekwa kwenye maboksi ya karatasi za A4. Tulipomaliza kuorodhesha yalikuwa mia tatu na kitu.

Mama aliyekuwa msimamizi wa zoezi alinipa karatasi yenye safu: jina, elimu, uzoefu, namba ya simu, na safu ya mwisho ya kuandika ndiyo, hapana, au tuangalie. Tangazo lilitaka vitu vitatu. Stashahada au shahada ya uhasibu. Uzoefu wa mwaka mmoja wa kutunza daftari la fedha au la stoo. Utayari wa kufanya kazi nje ya Dar es Salaam.

"Mwanangu," aliniambia, "usisome kama unasoma riwaya. Tafuta hivi vitatu. Usipoviona, weka pembeni."

Siku ya kwanza sikumsikiliza. Nilisoma kila kitu, mpaka mambo wanayopenda watu. Mchana nikawa nimemaliza bahasha ishirini. Mama akapita, akaangalia lundo, akaniangalia mimi. "Kwa mwendo huo tutaonana Pasaka." Tulikuwa mwezi wa nane.

Hebu tufanye hesabu, maana hapo ndipo nilipoelewa. Maombi mia tatu, kila moja lina CV ya kurasa tisa kama yangu. Hizo ni kurasa 2,700. Ukisoma ukurasa mmoja kwa dakika moja, ni dakika 2,700, yaani saa 45. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Kwa hiyo mtu akae wiki nzima, asishike simu, asiende msalani, asihudhurie kikao, asome CV tu, ndipo azimalize mara moja. Zingekuwa za kurasa mbili mbili, ni saa kumi. Hakuna ofisi itakayotoa saa 45. Saa kumi inawezekana. Yaani ukiandika kurasa tisa usidhani umesomwa kurasa tisa. Umesomwa mbili au tatu za mwanzo, na hukuchagua ni zipi.

Siku ya tatu na mimi nilikuwa nimeshazoea. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, macho yanatafuta neno "uhasibu", neno "daftari", neno "stoo". Sioni, naandika hapana. Mkono ulishakuwa mwepesi.

Ijumaa nikapewa kazi ya kufunga maboksi ya waliokataliwa yapelekwe stoo. Kulikuwa na CV moja iliyofungwa baindi kama ile yangu, jalada la bluu vilevile. Ilinichomoka mkononi ikafunguka sakafuni. Nikaiokota, na ukurasa uliofunguka ulikuwa wa saba. Juu kulikuwa na semina tano zenye tarehe, mahali na jina la mtoa mada. Chini ya semina, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, kulikuwa na mistari miwili: msaidizi wa stoo na mtunza daftari la fedha, chama cha msingi cha ushirika, miezi kumi na minane, mkoani.

Nikaisoma mara mbili. Nikahesabu kurasa, zilikuwa kumi na moja. Nikarudi kwenye karatasi yangu ya safu, nikatafuta lile jina. Mbele yake, kwa mwandiko wangu: hapana.

Nilimpelekea mama. Akauliza, "Ulisoma mpaka wapi?"

"Ukurasa wa pili, mama."

Alikaa nayo kidogo. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Akasema tu, "Walioitwa wameshaitwa." Simu za usaili zilikuwa zimepigwa Alhamisi. Ile CV hakunirudishia niiweke kwenye boksi, aliiacha mezani kwake. Jumatatu nikarudishwa idara ya fedha. Sijui iliishia wapi, na sikupata ujasiri wa kuuliza.

Sasa mtu anaweza kuniambia kosa ni langu, si lake. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Lakini nakuuliza wewe unayetafuta kazi: utaomba vipi wasomaji wote wa CV zako wasiwe wavivu kama mimi, wasichoke kama mimi, wasiwe wanafunzi wa fildi kama mimi? Huwezi. Unachoweza ni kuhamisha ile mistari miwili kutoka ukurasa wa saba kwenda wa kwanza.

Tunajaza kwa sababu gani?

Nimezungumza na wenzangu wengi vimbwetani juu ya hili, na naona sababu tatu.

Ya kwanza tumefundishwa. Tangu sekondari, swali la alama ishirini linajibiwa kwa kurasa. Mtu akiomba karatasi ya nyongeza kwenye chumba cha mtihani, chumba kizima kinageuka kumtazama kwa wivu. Tumekua tukiamini kwamba anayeandika sana anajua sana.

Ya pili ni hofu ya utupu. Una miaka ishirini na tatu, umesoma tu, hujaajiriwa popote. Ukiandika ukweli mtupu unaona karatasi inabaki nyeupe, na weupe ule unakuaibisha. Kwa hiyo unaita semina, unaita ukiranja, unaita "kubadilishana mawazo".

Ya tatu ni matangazo yenyewe. Ukifungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utakuta mwombaji anatakiwa kuambatisha maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu za kuaminika, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Mtu akisoma "yanayojitosheleza" anaelewa "marefu". Hapo ndipo tunapokosea. Kujitosheleza maana yake msomaji asibaki na swali. Kama kazi inataka stashahada, uzoefu wa mwaka mmoja na wadhamini watatu, na ukurasa na nusu umevisema vyote hivyo, basi maelezo yako yamejitosheleza. Kurasa kumi na moja zilizoficha uzoefu katikati ya semina hazijajitosheleza hata kidogo.

Tena kwa upande wa serikali, mfumo wa maombi wenyewe unakutaka ujaze taarifa zako sehemu kwa sehemu: elimu, mafunzo, uzoefu, wadhamini. Baada ya hapo, kwa kada nyingi, kuna usaili wa kuandika. Kule unakaa ukumbini na mamia ya watu na kalamu yako. Hakuna anayekuja na baindi.

Na wanaosema ukurasa mmoja?

Kuna kundi la pili chuoni, hasa wanaoangalia sana video za YouTube za mambo ya ajira. Wao wanasema CV ni ukurasa mmoja, basi, anayezidisha ni mshamba. Nawaheshimu, lakini ushauri huo una kwao. Marekani wanatofautisha vitu viwili: rezume, ambayo ni karatasi fupi ya kuombea kazi, na CV, ambayo ni orodha ndefu ya mwanataaluma yenye machapisho, makongamano na kozi alizofundisha. Ukurasa mmoja wanaousisitiza ni wa rezume. Sisi huku jina ni moja kwa vyote viwili, kwa hiyo tunachukua kanuni ya kimoja na kuibandika kwenye kingine. Na hata kwao kanuni si moja. Maombi ya kazi za serikali yao kuu yalizoeleka kuwa marefu mno, kurasa nne, tano na zaidi, mpaka mwaka 2025 walipoweka ukomo wa kurasa mbili.

Jaribu kuweka vitu tunavyodaiwa hapa nyumbani kwenye ukurasa mmoja uone. Wadhamini watatu, kila mmoja na cheo, anwani, simu na barua pepe, wanakula robo ya ukurasa. Elimu yako, kuanzia chuo hadi kidato cha nne, robo nyingine. Jina na mawasiliano. Kinachobaki kwa ajili ya kazi ulizofanya ni kama kiganja. Utapunguza herufi mpaka msomaji avae miwani, na hapo hujamsaidia kitu. Ndiyo maana nasema mbili. Wa kwanza kwa ajili ya yale yanayoulizwa kwenye tangazo, wa pili kwa ajili ya elimu ya nyuma, ujuzi mwingine na wadhamini.

Wapo ambao kanuni yangu haiwahusu. Mhadhiri anayeomba kupanda cheo lazima aorodheshe machapisho yake yote, na hapo kurasa ishirini ni halali yake. Mhandisi wa miaka kumi na tano kazini ana miradi ya kueleza, zikifika tatu au nne sina ugomvi naye. Na tangazo likitaja idadi ya kurasa au likitoa fomu yake, fuata tangazo, achana na mimi. Nazungumzia sisi, ambao maisha yetu ya kazi bado yangeweza kusimuliwa kwenye daladala kati ya Ubungo na Mwenge kusiwe hata na foleni.

Cha kutoa

Anza na dini, kabila na hali ya ndoa. Kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo, na kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa naye analindwa. Sasa kama sheria imemwambia mwajiri asiviangalie, wewe unampelekea vya nini, tena juu kabisa ya ukurasa wa kwanza? Wapo watakaosema "ndiyo utaratibu". Utaratibu wa nani? Ni wa ile CV ya mtu mwingine iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari.

Na hilo lenyewe ni jambo. Siku ile Sinza, kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa mafaili ya CV za watu. Majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa, namba za kitambulisho cha taifa. Yeyote anayekaa pale anaweza kuyafungua, kama tulivyofungua sisi la mwenzetu bila hata kuwaza. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini sheria haitakuja kukufutia faili mezani. Ukiandika machache, yanayovuja ni machache. Ukimaliza, futa mwenyewe kabla hujalipa.

Toa shule ya msingi. Aliyekuona una shahada ameshaelewa kwamba darasa la saba ulimaliza.

Toa aya ya "malengo yangu ni kufanya kazi katika taasisi yenye ushindani ili kukuza taaluma yangu". Niliisoma mara nyingi sana wiki ile, neno kwa neno, mpaka nikajua templeti imetoka wapi. Hiyo ilikuwemo kwenye yangu pia.

Toa semina zisizohusiana na kazi. Zinazohusiana, acha mbili. Toa "Word, Excel, intaneti". Kama Excel unaijua kweli, sema ulichofanya nayo. Toa sifa za kujisifia mwenyewe: mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sijamuona bado aliyeandika kwamba ni mvivu.

Picha iende tu pale inapoombwa. Vyeti visichanganywe ndani ya CV, vifuate nyuma kwa mpangilio ulioelekezwa. Na uangalie wanataka cheti kipi: matangazo ya serikali yanasema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, ila cheti chenyewe. Kuna watu wanatumia siku mbili kupamba CV, halafu wanakwama hapo.

Cha kuongeza

Ijumaa ile nilirudi Mabibo na CV yangu ya kurasa tisa, nikakaa kitandani nikaisoma kama nilivyokuwa nasoma za watu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, natafuta neno "daftari". Halikuwepo. Nikaendelea hadi wa tisa. Halikuwepo kabisa.

Na hapo ndipo nilipojionea aibu ya kweli. Mama yangu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Tangu nikiwa kidato cha tatu, daftari lake nilikuwa nalishika mimi. Magunia yaliyoingia, magunia yaliyotoka, nani kachukua kwa mkopo, kalipa kiasi gani, kabakiza nini. Wateja wengine wanatoka hadi Kongo, wanalipa nusu, nusu wanatuma baadaye, na ole wako ukikosea hesabu. Baada ya kidato cha sita, nilipotoka JKT, nilikaa miezi mitano nikilifanya hilo kila siku, alfajiri mpaka jioni. Nilimtenganishia mama pesa ya mtaji na pesa ya nyumbani, kitu ambacho mwaka wa kwanza mwalimu alipokuja kukieleza darasani nilikielewa kabla hajamaliza sentensi.

Semina niliyokwenda kula niliiandika. Daftari la mama sikuliandika. Sikuliandika kwa sababu linanuka dagaa, na mimi nilitaka CV inayonukia ofisi.

Nikaandika upya. Ukurasa wa kwanza, baada ya jina na simu: elimu ninayosoma sasa, fildi niliyofanya na kazi nilizofanya huko kwa mistari minne, kisha: "Utunzaji wa daftari la mauzo na madeni, biashara ya familia ya dagaa wa jumla, Mwanza." Chini yake mistari mitatu ya nilichokuwa nafanya. Ukurasa wa pili shule, lugha, wadhamini. Ilinichukua usiku mzima, wakati ile ya kurasa tisa ilichukua dakika arobaini. Ufupi unachosha jamani. Kila mstari unakuuliza upo hapa kwa sababu gani.

Kuna barua moja mashuhuri ambayo watu wa masuala ya ajira hupenda kuiita CV ya kwanza duniani. Ni ile ya Leonardo da Vinci, ya mwaka 1482 hivi, kwa Ludovico Sforza aliyekuwa akitawala Milan. Leonardo anaorodhesha kwa hoja kumi anayoweza kumfanyia: madaraja mepesi ya kubebeka vitani, mizinga, njia za kuzingira ngome. Kwamba ni mchoraji anakuja kulisema mwishoni kabisa, tena kwa kifupi. Huyu ndiye aliyekuja kuchora Karamu ya Mwisho katika mji huohuo. Lakini alijua anamwandikia mtawala mwenye maadui, kwa hiyo akaanza na mizinga. Angekuwa amepita steshenari ya Sinza angeanza na kabila.

Nisije nikaonekana nauza uongo

Mtaniuliza: kwa hiyo umepata kazi? Sijapata. Kwa CV ile ya kurasa mbili niliomba kazi za muda na nafasi za kujitolea sehemu kadhaa wakati wa likizo. Nikaitwa usaili mara moja, kwa duka la jumla la vifaa. Wazee wawili walikuwa mezani, na mmoja akaenda moja kwa moja kwenye dagaa. "Mteja akichukua mzigo kwa mkopo halafu asirudi, kwenye daftari ulikuwa unafanyaje?" Tukazungumza karibu nusu saa. Kazi alipewa mwingine, mwenye uzoefu wa duka. Nilitoka pale sina kazi, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu ninachokijua kweli.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kurasa mbili zinaleta ajira. Nafasi mbili, maombi mia tatu: hata CV zote zingekuwa bora kuliko zote duniani, watu mia mbili tisini na nane wangerudi nyumbani. Hilo halirekebishwi na mpangilio wa karatasi, na wanaotuambia vijana hatuajiriwi kwa sababu hatujui kuandika CV wanatuonea. Kuna kujuana pia, tusijifanye hatujui. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Kati ya wale waliorudi nyumbani, angalau asiwepo aliyekuwa na sifa zote na akakosa kwa sababu sifa zenyewe zilikuwa ukurasa wa saba.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja, na halihitaji bajeti. Kila muhula, wiki mbili kabla ya watu kwenda fildi, tuwe na meza ya CV. Si semina, tafadhali, semina zinatosha. Meza. Unakuja na CV yako na tangazo moja la kazi, unakaa na mwenzako msiyejuana, unampa dakika moja asome, halafu unaichukua na kumuuliza: umeona nini? Asichokiona, kihamishe au kiandike upya. Mimi nitakuwa wa kwanza kukaa hapo.

Na waajiri, kama gazeti hili linawafikia, waandike kwenye tangazo mstari mmoja tu: CV isizidi kurasa kadhaa. Watawaokoa watu wa steshenari, wataokoa wino, na watamuokoa mwanafunzi fulani wa fildi asije akabeba kitu kama ninachobeba mimi.

Maana lile jina nalikumbuka mpaka leo. Siliandiki hapa, si haki yangu kuliandika. Ila kama wewe uliomba kazi mwaka jana kwa CV ya kurasa kumi na moja, jalada la bluu, na uliwahi kutunza daftari la chama cha ushirika kwa miezi kumi na minane: nisamehe ndugu yangu. Ulikuwa na sifa zote tatu. Sikufika ukurasa wa saba.